Safari ya Bunda Kutafuta Muhuri

Niliondoka nyumbani Buhare, Musoma, Jumatatu kwa sababu ya kijinga, na ni afadhali niitaje mwanzoni: nilitaka kupandishwa cheo. Ninafundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Musoma, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua ndani, kuitumia na kuirekebisha bila kuniomba ruhusa. Kazi yake ni kukadiria mavuno ya kata nzima kutokana na mashamba machache yaliyopimwa. Mkuu wangu wa idara hajawahi kuuliza inafanya nini. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mwalimu Nyangeta, imechapishwa?"

"Bado, mkuu."

"Basi haipo," akasema, akarudi kwenye chapati yake.

Ikabidi niamue niipeleke lini kwa wahakiki, na wapi. Ipo jumuiya ya watu wa takwimu mtandaoni ambao huiweka programu yako kwenye kompyuta zao, huiendesha, kisha huandika makosa yake mahali ambapo dunia nzima inasoma. Huchukua miezi. Na yupo Daktari Magesa wa Bunda, niliyesoma naye, ambaye siku hizi ni mhariri wa jarida linalotoa jibu ndani ya siku tatu. Nilimtumia Magesa, naye akaniita nikachukue majibu. Niliogopa aibu ya hadharani, na uoga wangu niliubatiza jina la haraka.

Saa nne asubuhi nilikuwa Bunda. Ofisi ya Magesa iko juu ya duka la pembejeo, na ukutani kuna vyeti vinne, kimoja kikiwa cha kuhudhuria semina. Mezani kulikuwa na kitabu kinene kilichofungwa kwa waya wa plastiki. Nikakifunua. Ilikuwa programu yangu, mstari kwa mstari, imechapwa kwenye karatasi.

"Karibu sana, dada yangu," Magesa alisema. "Wahakiki wawili wameshaisoma yote."

"Wameisoma hivi? Kwenye karatasi?"

"Kurasa zote! Watu makini hawa."

"Hawakuiendesha?"

Akanitazama kwa huruma. "Kuiendesha kwenda wapi?"

Akanipa maoni yao. Wa kwanza aliandika: Kazi nzuri, aongeze marejeo. Wa pili aliandika: Kazi nzuri, herufi ziwe kubwa kidogo. Huo ndio uhakiki niliotoka nyumbani kuufuata. Magesa akasukuma fomu mbele yangu. "Weka sahihi hapa. Ijumaa umeshachapishwa."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama nikatoka. Nilichukua kalamu. Nilikuwa nimeandika herufi mbili za jina langu simu ilipoita.

Alikuwa Bi Wankyo, afisa kilimo wa kata ya Buswahili, mtu pekee aliyekuwa akiitumia programu yangu kwa kazi ya kweli. "Mwalimu, uko wapi? Nimeitwa huku wilayani Butiama. Programu yako imenivua nguo."

Nikamwambia Magesa nitarudi jioni.

"Maliza kwanza jina, dada," akasema. "Makosa tunarekebishaga baadaye."

Saa saba mchana nilishuka Butiama, baada ya kubadilisha gari Makutano. Wankyo alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kilimo, laptopu magotini, amekasirika kiasi cha kutonisalimia. Taarifa yake ilionyesha kwamba vijiji vitatu havikuwa na muhogo hata mmoja. Wilayani walimpa mambo mawili achague: ama vijiji vina njaa na chakula cha msaada kiombwe leo, ama yeye hakufika shambani, alijaza fomu akiwa kwake.

"Nilifika," akaniambia. "Kwa miguu nilifika. Mihogo huku tunang'oaga kidogo kidogo, mwaka mzima. Kama mtu hajang'oa, mi naacha wazi. Wazi siyo sifuri, mwalimu!"

Nikafungua programu palepale. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja tu: kila nafasi iliyo wazi, mimi nilikuwa nimeigeuza sifuri. Nilikuwa nimeijaribu mara nyingi, tena kwa majivuno, kwa takwimu nilizozitunga mwenyewe mezani, ambamo kila shamba huvunwa siku moja kama mtihani wa taifa.

"Ulishawahi kulima mihogo?" akauliza Wankyo.

"Hapana."

"Inaonekana."

Tuliingia pamoja kwa afisa wa wilaya, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasikiliza, kisha akauliza kosa ni la nani. Nikasema ni langu.

"Na hii programu imehakikiwa na nani?"

Nikakifikiria kile kitabu cha waya wa plastiki, nikaona haya kukitaja. "Na Bi Wankyo," nikasema. "Leo."

Akatupa hadi Alhamisi. Tuliusahihisha ule mstari kwenye benchi, Wankyo akiziendesha upya fomu zake moja baada ya nyingine na kunigombeza kila kompyuta ilipokwama.

Jioni, nikiwa Makutano nasubiri gari la Musoma, Magesa akapiga. "Dada, sahihi vipi?"

"Programu ina kosa."

"Hilo kosa linaonekana kwenye karatasi?"

"Halionekani."

"Basi siyo kosa!" akasema, na alimaanisha.

Sikurudi Bunda. Niliporudi Musoma niliwapa programu Wankyo na maafisa wenzake wawili, nikawaomba waivunje, na waliivunja kwa furaha. Miezi mitatu baadaye niliipeleka kwa ile jumuiya ya hadharani. Mhakiki wa kwanza hakunisifu kwa neno hata moja. Aliorodhesha makosa kumi na moja, yote ya kweli, chini ya jina langu kamili.

Nilichojifunza si kingi. Ukiipeleka kabla mtu mwingine hajaitumia, unawatwisha wahakiki kazi uliyoikwepa. Ukisubiri sana, watu wanakuwa wameshaizoea sifuri yako na wanaiamini. Na ipeleke mahali ambapo mtu ataiwasha.

Wankyo aliaminiwa, na vijiji vile havikuandikwa njaa isiyokuwepo. Mimi sikupanda cheo mwaka huu. Mwalimu mwenzangu aliyepitia kwa Magesa amepanda, tukampigia makofi ukumbini. Juzi nilijaribu kuiweka programu yake kwenye kompyuta yangu. Haifunguki.