Nani Anahitaji AC Kericho?

Fundi alifungua boneti, akachungulia ndani, akacheka. "Mama, Kericho na AC ni ya nini? Si ufungue dirisha tu?"

Nilikasirika, kwa sababu hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Huku kwetu mtu huvaa sweta tangu asubuhi hadi anapolala. Mvua ya alasiri ikishaanza kupiga majani ya chai, unatafuta jiko, hutafuti baridi nyingine. Lakini gari ni la baba yangu, stesheni-wagoni kuukuu ya rangi ya maziwa. Alilinunua likiwa na AC yake kutoka kwa meneja wa shamba aliyekuwa anahama. Sasa injini imezeeka. Ukipanda mlima kutoka Soin kule bondeni na AC inanguruma, maji yanachemka kabla hujafika mjini.

"Amua," fundi akasema. "Tutoe AC injini ipumue, ama uiache ikuulie injini. Vyote viwili hutapata, mama."

Nikampigia kaka yangu, anakaa Nairobi. "Usithubutu!" akafoka. "Gari la zamani ukilitoa kitu lilichokuja nacho, hilo si la zamani tena, ni skrepa." Nikamuuliza, nani anakaa na mzee, wewe ama mimi? Ghafla akasema netiweki ni mbaya. Netiweki yake huharibika kila nikiuliza hilo swali.

Shida haikuwa gari. Shida ilikuwa mzee mwenyewe. Baba alikuwa msimamizi kiwandani, sehemu ya kunyausha. Pale majani mabichi hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa huyapuliza kutoka chini hadi yalegee. Siku hizi kumbukumbu imemtoka. Nyumbani anakaa amekunja uso, uji unapoa mbele yake, ukimsemesha ni kama unasemesha mlango. Lakini mpandishe gari, washa AC, jameni! Anaamka. Siku moja alichuma konzi ya majani kwenye shamba letu, akayapanga juu ya dashibodi mbele ya matundu ya upepo. Akawa anayageuza, anayafinya, anayanusa.

"Bado," akaniambia. "Ongeza feni."

Nikaongeza. Ningefanya nini?

Na anaongea! Anaongea Kiswahili, kile cha kiwandani ambacho Mkisii, Mjaluo na Mkipsigis walisikilizana kwacho. Ananiita "wewe msichana", anadhani nimeandikwa kazi juzi. Ananiamrisha nifunge nywele zisiangukie majani. Mimi, mwenye wajukuu! Nilikuwa nikicheka na kufurahi, ila mara nyingine nilimwonea wivu huyo msichana.

Basi nilipomweleza fundi kwamba sijui nishike lipi niache lipi, akasema tujaribu. Atatoa mkanda wa AC na kukata waya wa feni yake, niendeshe hivyo, nikiona vibaya nirudi. Nikakubali.

Nikampeleka baba Sigowet, sokoni. Gari lilipanda vilima vya njiani bila kulalamika, nikasema moyoni, kumbe huyu fundi ana akili. Baba alipanga majani yake akangoja. Akaweka kiganja kwenye tundu la upepo. Hakuna kitu. Akabonyeza swichi, akabonyeza tena. Vioo vilijaa ukungu, nikawa napangusa kwa mkono wa sweta. Halafu akageuka, akanitazama, akaniita kwa jina langu. Lile la nyumbani, kwa lugha yetu.

Nilisimamisha gari kando ya barabara. "Umenenepa," akasema, na akacheka kicheko chake cha zamani. Nililia kama mtoto. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo.

Kisha akatazama kiti cha nyuma. "Mama yako tumemwacha wapi?"

Mama tulimzika mwaka jana. Baba alikuwepo, alitupa udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia ukweli, na ole wangu, aliupokea kama habari mpya, maana kwake ilikuwa mpya. Alilia kwa sauti. Alitaka kufungua mlango aende akamwone.

Kesho yake alikuwa ameshasahau. Nikampandisha gari tena kwenda sokoni, nikidhani labda jana ilikuwa bahati mbaya tu. Ukimya wa feni ukamrudisha: jina langu, kiti cha nyuma, swali lile lile. Safari hii nikadanganya, nikasema mama yuko sokoni. "Basi tumngoje," akasema. Tukangoja hadi wachuuzi wakafunga mabanda, mvua ikatunyeshea, na akakataa katakata tuondoke bila mke wake.

Hapo akili yangu ilisimama. AC ikiwaka, ana furaha na hanijui. AC ikizimwa, ananijua na anafiwa. Sijui ni ule upepo au ni ugonjwa tu, na hakuna aliyeweza kuniambia. Nilichojua ni kwamba nilitaka kuitwa jina langu tena. Nilikuwa tayari hata mzee wa watu alie, bora aniite. Nilijiona mchoyo, nikatamani bado.

Nilikaa na huo uchoyo wiki nzima, gari limefungwa, baba amekunja uso wake kwenye kiti. Kisha nikaenda gereji.

"Rudisha," nikamwambia fundi.

"AC? Na injini?"

"Mlima sipandi tena. Nitazunguka huku huku juu, kwenye barabara za mashamba."

"Lakini mama, injini itakufa tu, hata kama..."

"Rudisha, usinichoshe!"

Akarudisha, huku akitikisa kichwa. Jioni hiyo nikamzungusha baba polepole kati ya mashamba, sweta mbili mwilini, upepo baridi ukitupiga usoni. Alikuwa mchangamfu, alinipa hadithi za shifti zilizonivunja mbavu. Giza lilipoanza kuingia akaniangalia kwa huruma, kama msimamizi mwema anavyomwangalia mtoto wa watu.

"Wewe msichana," akasema kwa Kiswahili, "umechelewa sana leo. Baba yako hatakuwa na wasiwasi?"

"Hana," nikamwambia. "Hana wasiwasi wowote."