Mshika Vichwa wa Kemambo

Umande umekauka, na Wegesa Mseti ameketi uani kwake juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha mbele. Katikati ya mapaja yake kimelala kichwa cha mtu mzima. Kimenyolewa chote, kimeoshwa kwa maji ya dawa, na mikono miwili ya Wegesa imekibana mashavuni kama mtu anayeshika chungu kilichojaa.

"Umefumba macho?" anauliza.

"Nimefumba, mama."

"Haya, sasa uko mlangoni kwako. Toka nje. Niambie unaona nini."

Mgonjwa anaitwa Simioni, mtu wa Ngoreme, ng'ambo ya Mto Mara. Boriti ilimwangukia miaka miwili iliyopita alipokuwa akimsaidia jirani kujenga nyumba, na tangu hapo kichwa hakijamwacha alale. Alikwenda hospitali, akapewa vidonge, akavimaliza, maumivu yakabaki. Leo kaka yake, Tomaso, amemkalia miguuni ili asijitikise. Pembeni amechuchumaa Waitara, mpasua vichwa, mzee mfupi asiyependa maneno, mkononi ana kisu kidogo kilichonolewa vizuri.

Wasomaji wa mjini watashtuka. Lakini huku Tarime kazi hii ni ya zamani, na baba humfundisha mwanawe. Ngozi ya kichwa hupasuliwa, kisha mfupa ulioingia ufa hukwaruzwa taratibu kwa chuma chembamba kilichopindwa ncha, mpaka ule ufa uishe. Mgonjwa huwa macho muda wote. Mwandishi wa habari hii hakuja Kemambo kubishana na madaktari, wala hamshauri mtu kuja kulala juu ya ngozi ile. Alikuja kwa sababu ya Wegesa.

Wegesa hapasui. Hachemshi dawa. Kazi yake ni kushika kichwa na kumwondoa mwenye kichwa asiwepo.

"Mwili wake tunauhitaji hapa," anasema, "lakini yeye mwenyewe akae hapa kufanya nini? Nampeleka kwao. Akili isipopewa kazi itakaa juu ya kidonda tu."

Kwa hiyo Simioni anatoka nje ya nyumba yake akiwa amelala Kemambo. Anaona ghala la ulezi. Anaona mkewe anafagia. Wegesa anamwuliza ufagio ni wa majani gani, mkewe amevaa nini, mbuzi aliyefungwa pale ana rangi gani. Kisu kinapita. Simioni anakunja uso, anavuta pumzi, anajibu kwamba mbuzi ni mwekundu mwenye baka jeupe tumboni.

Waitara anayatumia majibu hayo vilevile. "Mimi siutazami uso wa mtu," anasema. "Nasikiliza. Akianza kuniambia mbuzi mwekundu sasa ni mweusi, naondoa chuma. Bila shemeji yangu nafanya kazi kama kipofu."

Anamwita shemeji kwa sababu marehemu Mseti, mume wa Wegesa, alikuwa kaka yake. Wegesa anakadiria kuwa amepita miaka hamsini. Alipoolewa katika mji huu wa kina Mseti, waliokuwa wakiwashika wagonjwa walikuwa wanaume wanne wenye nguvu, na mgonjwa alipiga kelele mpaka ng'ombe zizini wakahangaika. Siku moja mmoja wa wanaume hao hakufika, na Wegesa akaitwa kushika kichwa. Mgonjwa alikuwa mama mzee. Wegesa akaogopa sana, na kwa woga akaanza kumwuliza mambo ya shamba lake. Mzee yule akajibu mpaka kazi ikaisha.

Tangu siku hiyo amekuwa akijifunza, na si bila makosa. Anacheka akisimulia habari ya mtu mmoja wa Genkuru. "Nikampeleka zizini kwake akawatazame ng'ombe wake. Sikumwuliza kwanza. Kumbe ng'ombe wameibwa, na rungu la kichwani amelipata kwa wezi haohao! Kijana yule, mura hasa, akaona zizi tupu, akainuka na kichwa wazi anataka kufuata nyayo. Tulimkalia watu wote, hata mimi." Sasa huwauliza ndugu kwanza: nani amekufa, nini kimeibwa, wapi asipelekwe.

Malipo si ya kutajirisha. Mgonjwa akipona, Waitara hupewa mbuzi, na Wegesa hupata debe la ulezi au kuku. Kula yake inatoka shambani. Lakini jina lake limekwenda mbali kuliko kipato chake, na wapo wanaomfuata bila kuwa na ufa wowote kichwani.

Mmoja ni jirani yake, Agustina, ambaye mumewe alikwenda kufanya kazi Kericho kwenye mashamba ya chai na hajasikika tena. Agustina alifika hali chakula, halali usingizi, jembe limemshinda. Wegesa akamwambia ampeleke mumewe shambani kichwani mwake, aanze naye mwanzo wa tuta, wagombane.

"Nilimtukana mpaka mwisho wa tuta," anasema Agustina bila aibu. "Nikageuka nikamtukana kurudi. Ulezi wangu mwaka ule ulikuwa mzuri kuliko wa watu wote. Yeye hajarudi, lakini nilikula."

Ungedhani mwanamke wa namna hii amejipatia dawa ya huzuni zake mwenyewe. Hajaipata. Na hapa ndipo simulizi hii inapokuwa nzito, kwa sababu Wegesa anajua kuwaondoa wengine kwenye maumivu, ila kuna mahali pamoja ambapo yeye mwenyewe hajaweza kuondoka kwa miaka mitatu.

Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, Ryoba. Mwaka 1954 wezi walichukua ng'ombe wa jirani, na Ryoba akatoka na vijana wenzake kufuata nyayo. Alipigwa rungu. Walimrudisha siku ya pili, anaongea vizuri lakini jicho moja limelegea. Waitara alipomgusa kichwa alijua kwamba damu imeingia ndani, na kwamba kungojea ni kumwacha afe.

Wazee walisema mama asishike kichwa cha mwanawe, atafutwe mtu mwingine. Ryoba ndiye aliyekataa. Alisema amemsikia mama yake akiwatembeza watu tangu akiwa mtoto, na yeye anataka kutembezwa na huyohuyo.

"Nikamwuliza anataka kwenda wapi," anasema Wegesa. "Akasema yuko machungani ng'ambo ya Mara, anarudi nyumbani. Nikasema haya, njoo. Akaja vizuri. Kila kitu alikiona. Akafika mtoni, upande wa kule, akasema, mama, maji ni mengi. Nivuke?"

Anaokota kijiti, anakivunja, anakitupa.

Kila mama wa Kemambo na wa Kerende, kijiji cha kuteremkia mtoni, anaujua mto huo ukijaa. Umechukua ng'ombe, umechukua watu, na mtoto hufundishwa kabla hajajua kuchunga kwamba maji yakibadilika rangi asiingie. Wegesa alikuwa amemwambia Ryoba maneno hayo maisha yake yote. Siku ile, kichwa cha mwanawe kikiwa mikononi mwake, akajibu kama mama yeyote wa huku angejibu.

"Nikamwambia, usivuke, mwanangu. Subiri hapo." Machozi yanamtoka na hayafuti. "Nilisahau kwamba ule mto haukuwa mto. Hakukuwa na maji! Kulikuwa na mimi na yeye na ngozi ya ng'ombe. Akaniambia, ndiyo mama. Akasubiri. Hakusema tena neno."

Waitara aliondoa chuma, lakini Ryoba hakuamka. Mzee huyo anasisitiza kwamba hakuna neno ambalo lingemponya, kwamba damu ilikuwa nyingi na imekaa siku mbili. Amemweleza shemeji yake hivyo mara nyingi. Wegesa humsikiliza kwa heshima, kisha kila akilala usingizini humwona kijana wake amesimama ukingoni, mtiifu, anasubiri kuambiwa.

Kwa mwaka mzima hakushika kichwa cha mtu. Waitara akawarudia wanaume wanne, na wagonjwa wakarudia kupiga kelele. Mmoja alijitupa, akaumia vibaya. Waitara akaja kukaa mlangoni kwa Wegesa na kusema kwamba yeye hataweza tena, ataviweka vyuma vyake chini. Wegesa akakubali kurudi kwa sharti moja: hakuna mgonjwa atakayepelekwa kwenye maji. Hata yeye mwenyewe hajaukanyaga mto tangu msiba. Maji ya mtoni huchotwa na Nyangi, mjane wa Ryoba, mwanamke kijana mwenye kazi nyingi na maneno machache, ambaye amekataa kuondoka katika mji huu.

Ndiyo maana Simioni wa Ngoreme ameanzishwa safari yake mlangoni kwake, ng'ambo, ili asiwe na mto wowote wa kuvuka.

Mambo yanakwenda vizuri mpaka chuma kinapofika penye ufa wenyewe. Simioni, ambaye alikuwa akieleza shamba lake la mihogo, anashtuka. Mwili wote unakakamaa. Tomaso anamlalia miguu.

"Nimerudi hapa, mama," analia. "Niko hapa kwenu. Kinauma! Siwezi kukaa hapa!"

"Rudi shambani, mwanangu. Mihogo iko wapi?"

"Sioni mihogo. Niko hapa. Naondoka, narudi nyumbani kwa miguu yangu." Na kabla Wegesa hajasema neno, Simioni ameshashika njia kichwani mwake. Anapita nyumba za Kemambo. Anateremka Kerende. Anaongea haraka, pumzi inarudi, vidole vyake vinalegea. Waitara anaendelea kukwaruza. Nyangi, aliyeshika kibuyu cha maji ya dawa, ameinua macho na kumtazama mama mkwe wake.

"Nimefika mtoni," anasema Simioni. "Maji ni mengi, mama. Nifanyeje?"

Uso wa Wegesa umebadilika rangi.

Midomo inatikisika bila sauti, na mikono yake, ambayo haikulegea asubuhi yote, inaanza kuyaachia mashavu ya mtu ambaye kichwa chake kiko wazi. Waitara anaondoa chuma na kukishika hewani.

"Mama?" Simioni anaita. "Upo? Nifanyeje?"

Anayesema ni Nyangi. Hasemi kwa sauti kubwa. "Mama, mwambie avuke."

Wegesa anamwangalia. Katika mji huu hajamwambia mtu yeyote maneno aliyompa Ryoba mwishoni, na kwa alivyojua, aliyeyasikia ni Waitara peke yake. Alikuwa ameamini kwamba mjane hajui.

"Mwambie, mama," Nyangi anarudia. "Maji hayo hayana kitu."

"Vuka," anasema Wegesa. "Vuka, mwanangu. Mimi niko nyuma yako. Ingia tu."

"Naingia. Yamefika magotini."

"Endelea."

"Yamefika kiunoni. Ni baridi."

"Endelea, usisimame! Usisimame hapo!" Sasa analia waziwazi, machozi yanamdondokea Simioni kwenye paji la uso, naye Nyangi anayafuta kwa kitambaa yasifike penye kidonda. Chuma kimerudi kazini. Hakuna anayesema lingine uani ila hao wawili, mmoja anavuka na mwingine anamhimiza, mpaka Simioni anapumua kwa nguvu na kusema amekanyaga mchanga, amefika kwao.

Waitara anafunika kidonda kwa mafuta na majani, anafunga kitambaa. Wegesa hainuki. Mikono anaitazama kama si yake.

Baadaye, Simioni akiwa amelazwa ndani na Tomaso akimlisha uji, Wegesa na Nyangi wanakaa pamoja nyuma ya ghala. Mwandishi wa habari hii alitaka kuwaacha, lakini Wegesa alimwita asikie.

"Siku ile nilikuwa mlangoni," anasema Nyangi. "Nilisikia yote. Nilisikia ukimwambia asubiri."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Wewe ulinyamaza, mama. Ningeanzaje mimi?"

Wegesa anauliza kama anamchukia. Nyangi anatikisa kichwa. Anaeleza kwamba mwaka wa kwanza alimchukia, na alikuwa akiukanyaga mto kila asubuhi kwa hasira, akimwita Ryoba kutoka upande huu. Kisha siku moja akiteka maji alimkumbuka mumewe alivyokuwa, mtu ambaye hakuweza kumkatalia mama yake kitu. Akaona kwamba Ryoba alikufa akimtii mama yake, na kwamba kufa hivyo ni afadhali kuliko kufa porini peke yake.

"Hakuogopa," anasema. "Ungemwambia avuke angekufa akiwa katikati ya maji. Ulimwacha mahali pakavu."

Wegesa anamshika mkono na hauachii mpaka kuku wanaanza kuingia ndani. Si kwamba huzuni imekwisha, na hasemi hivyo. Anasema tu kwamba imekuwa ya watu wawili.

Simioni akipona, atarudi kwao kabla ya mvua. Kiangazi, maji ya Mara yatakapopungua na mawe kuonekana, Wegesa anakusudia kwenda Ngoreme kumtazama kidonda, akiongozana na Nyangi. Itakuwa mara yake ya kwanza kuukanyaga mto huo tangu alipompoteza mwanawe. Nyangi ameahidi kumshika mkono.

Anaulizwa atakaa Ngoreme muda gani.

"Sitakaa," anasema. "Nikishamwona Simioni, nitashuka mtoni upande wa kule, pale aliposimama mwanangu. Nitamwambia amesubiri vya kutosha, twende nyumbani. Kisha nitatangulia mimi kuingia majini, ili aone kwamba panapitika."