Jeu ya Dame Yenye Ilikataa Kufunguka

Wakati Goma ilianguka mu mikono ya waasi, telefone ya binti yangu ilinyamaza. Aliolewa kule, bwana yake anauzishaka maharagi ya jumla. Mie niko huku Lubumbashi, mu Kampemba, na masomo yangu ni kidogo sana. Njia moja tu ilinibakia ya kujua kama mutoto iko muzima: dame. Tulikuwa tunacheza mu ordinateur, ile kompyuta, yeye kule, mie huku, kila mutu anasukuma kete yake wakati anapata réseau ya internet. Jeu, ule muchezo, inangoja tu, hata juma nzima.

Nilimufundisha mie mwenyewe, na vifuniko vya bia. Na mie nilijifunzia ku mulango ya kampuni, wakati kampuni ilikufa na sisi tulikuwa tunaendelea kukuya kila asubuhi kukaa pale, sawa bantu ba kazi. Wamoja walikuwa wanavaa mpaka na kofia ya chuma. Lakini hiyo ni habari ingine.

Basi, mbele ya Goma kuanguka, ordinateur yangu ilipata virusi. Jirani yangu, Mama Mapasa, anatengenezaka ma-ordinateur ku soko. Akatosha Windows, ile programu ya kuendesha mashini, akaweka ingine, Linux. "Papa, hii haigonjwake ovyo." Kweli, haikugonjwa. Lakini dame yangu ilikuwa jeu ya Windows. Unagonga ili ifunguke, kadirisha keusi kanatokea, kanapotea. Haisemi neno. Heri ingenitukana.

Habari za Goma zilipofika, nilimuita tena Mama Mapasa. Akaweka programu ya katikati, yenye kudanganya jeu iamini iko mu Windows. Jeu ikakataa.

"Papa, hii jeu uliipata wapi?"

"Ku disque ya jirani mwingine."

"Mulikopia dossier tu, hamukuiweka vizuri mu mashini?"

"Shi njo vile bote banafanyaka?"

Akacheka. "Bantu ba Lubumbashi! Munabeba nyumba, munaacha musingi."

"Na weye mutu wa Kasai, ulizaliwa wapi?"

"Hapa hapa Lubumbashi, mu Makomeno, Papa. Njo maana niko nabajua."

Hakusema bongo, ilikuwa kweli. Huku mega za internet zinaisha mbio, basi disque moja inazunguka nyumba kwa nyumba, kila mutu anakopia. Mu Windows ya zamani jeu ilikuwa inaokota vipande ilivyokosa, vyenye jeu zingine ziliacha. Mu Linux haikukuta kitu. Ilifaa kuivuta yote upya ku internet. Tukavuta, courant ya umeme ikakatika. Tukaanza tena, réseau ikapotea. Bibi yangu, mama ya mutoto, akaniambia:

"Acha hiyo mashini, tuombe."

"Omba weye. Mie nagonga."

Siku moja ikafunguka, na muchezo wetu ulikuwa ungali pale, sababu unalindwaka ku internet. Jina ya mutoto ilikuwa ya rangi ya majivu, maana yake hayuko. Lakini kete yake moja ilikuwa imesogea.

"Amecheza!" bibi yangu alipiga kelele, akashika kichwa. "Iko muzima!"

Nikauliza Mama Mapasa: "Alicheza lini?"

Akatafuta huku na kule, akatosha mukono ku mashini.

"Papa, jeu haiandikake siku."

Mashini yangu iligonjwa mbele ya mji kuanguka. Pengine alisogeza ile kete wakati ule, anapika, anacheka. Pengine nyuma yake, kisha mji kuanguka. Bibi yangu alirudi ku jiko.

Nikasukuma ya kwangu. Chini ikaandika: zamu ya mwenzako.

Sasa inafunguka vizuri kila asubuhi, haina hata kosa moja. Zamu ingali ya mwenzangu.