Mbabula Arobaini na Kibati cha Kazi

Jumatatu moja jioni lori lilinishusha mjini Likasi kutoka juu ya magunia ya mahindi, saa ileile king'ora cha kiwanda kilipolia. Wanaume wenye ovaroli zilizopigwa pasi walitoka langoni kwa uchovu wa heshima. Nikadhani wametoka kufanya kazi. Ilikuwa mwaka 1994, na mimi nilikuwa mgeni.

Nilielekezwa kwa Kabamba Ambroise, aliyekuwa na chumba cha kupangisha katika nyumba ya kiwanda. Alikuwa fundi wa tanuru kwa miaka ishirini na miwili. Tanuru lilipozimika, alianza kukata mapipa ya mafuta na kutengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa. Zake zilikuwa na kuta mbili, katikati udongo wa kichuguu, na zilikula nusu ya makaa ya majiko mengine. Mtu mwingine angeiita biashara. Ambroise aliiita likizo.

Aligonga bati kuanzia king'ora cha asubuhi. Cha jioni kikilia, nyundo ilitua hata kama msumari umeingia nusu, na mteja aliyechelewa aliambiwa kazi imefungwa. Mkewe, Mélanie, alinieleza kwamba ana mke mwenza, nacho ni kiwanda, ila mke mwenza huyo hapiki.

Jumamosi akaja Hortense, mfanyabiashara wa Kapolowe. Alitaka mbabula zote arobaini zilizokuwa uani, pamoja na fundi mwenyewe, awaonyeshe wanawake wa kule namna ya kuziba udongo ukipasuka. Lori lingeondoka Jumatatu saa moja. Ambroise akasema haiwezekani. Kila Jumatatu saa moja wafanyakazi huitwa majina langoni, kazi iwepo isiwepo. Malaria ilikuwa imemkosesha mara mbili, na anayekosa mara ya tatu hufutwa, nyumba ikachukuliwa.

Hortense alitazama bomba la kiwanda, ambalo halikuwa limetoa moshi mwaka mzima.

"Papa Ambroise, ile kiwanda iko inakupa nini?"

"Iko na jina yangu."

"Basi upike ile jina, bote mukule."

Akaongeza kwamba fundi wa mtaa wa pili anatengeneza mbabula mbaya, lakini anajua kupanda lori.

Jumapili Ambroise alishinda kanisani akiomba mwongozo. Roho alisema mengi, kwa lugha nyingi, ila kuhusu Jumatatu alinyamaza. Jioni Ambroise akanitazama miguuni.

"Weye uko na viatu ya muzuri," akasema. "Utasimama muzuri."

Akanipa kibati chake cha namba ya kazi. Nisimtazame karani anayeita majina, akaniagiza, na nikohoe kwanza, kwa kuwa kila mtu hukohoa. Nilikuwa nimejisifu kwake kwamba najua lugha saba. Alinihakikishia kwamba neno moja lingetosha, la Kifaransa, la kusema nipo.

Jumatatu nilijipanga na mamia ya watu walionyoa ndevu kwa ajili ya kusimama. Karani hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Likaitwa jina la Kabamba Ambroise. Nikakohoa.

"Présent."

Mzee aliyekuwa nyuma yangu akamnong'oneza jirani kwamba malaria imembadilisha sana Ambroise.

Wakati huo lori la Kapolowe likapita barabarani. Ambroise alikuwa juu, katikati ya mbabula zake, amevaa ovaroli ya kazi iliyopigwa pasi. Alilitazama lango mpaka lori likakata kona. Karani akageuza ukurasa, nami nikabaki kwenye mstari, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla ya king'ora.