Maji ya Kupeleka Ziwani

Ndalahwa wa kijiwe cha bodaboda cha Pasiansi, Mwanza, hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi, na tangu mke wake afariki, hata yale machache yalipungua. Asubuhi anafika, anafuta kiti cha pikipiki, anakaa mwisho wa benchi. Abiria akija anampakia. Akiulizwa bei anataja, na akiambiwa ni ghali anapunguza kabla hajaombwa mara ya pili. Mwanzoni wenzake walikuwa wanamvuta pembeni. "Ndala, pole bwana, jikaze." Naye anajibu, "Nimeshapoa." Mwisho wakaona basi, mtu ameshapoa kweli.

Hakuwa amelia. Siku ya mazishi, nyumbani kwao Misungwi, alishika koleo kama wengine, akafukia, akanawa mikono, akala wali. Kina mama walimtazama wakingoja avunjike. Yeye naye alikuwa anangoja hivyo hivyo, kama mtu anayengoja gari stendi, na halikuja. Ilikuwa kama mdomo baada ya sindano ya kung'olea jino. Unaugusa, unajua ni wako, lakini huusikii. Basi akarudi mjini akaendelea kubeba watu. Kitu kimoja tu hakuweza, kulitaja jina la mkewe. Akilazimika sana alisema "marehemu", na mara nyingi hakulazimika.

Kijiwe kile kina desturi ya kufunga safari ya pamoja kila mwaka, pikipiki zote kwa mstari, fulana za rangi moja. Mwaka huu mwenyekiti wao, Pius, alikuja na simu yake kubwa, akawakusanya kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi.

"Safari hii hatuendi Misungwi kula mishikaki na kurudi," alisema. Halafu akakumbuka mara ya mwisho walikwenda Misungwi kufanya nini, akakohoa. "Yaani, tunakwenda mbali. Tazameni."

Kwenye simu kulikuwa na makorongo makavu, kuta za mawe zimesimama huku na huku kama maghorofa yasiyo na madirisha, chini mchanga mtupu, na pikipiki ndogo kama sisimizi zinapita katikati. Baada ya hapo jangwa, halafu ziwa. Ziwa Natron.

"Tunakatiza Serengeti?" aliuliza mmoja.

"Pikipiki hifadhini haziruhusiwi," alisema Pius. "Tunazunguka. Shinyanga, Singida, Babati, tunatokea Mto wa Mbu. Hapo ndipo tunaiacha lami, tunashuka makorongoni."

"Afadhali," alisema Chenge, ambaye akikaa kimya wenzake wanamuuliza kama anaumwa. "Simba akimuona mwenyekiti na kitambi hicho, atadhani ameletewa chakula na hoteli."

Walicheka. Katikati yao alikuwepo Noela, shemeji yake Ndalahwa, mdogo wa marehemu, binti wa Muleba anayebeba dagaa kwa pikipiki mpaka Butimba na kuwashinda wanaume kwa mwendo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema anakwenda. Aligeuka.

"Shemeji, si mlikaa huko wewe na dada, kabla hamjaja Mwanza?"

Benchi zima likamtazama Ndalahwa.

"Kidogo," alisema.

"Kukoje?"

"Kuna vumbi."

Ikawa hiyo tu. Pius akamuuliza kama naye aandikwe, akasema hapana, ana kazi. Kazi gani, hakuna aliyeuliza.

Mipango ikaanza. Nani atakaa mbele, nani mkiani, nani atabeba mipira ya akiba na pampu, petroli iwekwe kwa nani asiyevuta sigara. Noela akasema kila mtu abebe madumu mawili ya maji.

"Maji?" Pius aliigeuza simu, akaweka kidole gumba juu ya ile bluu. "Hii ni nini? Ziwa lote hili! Tunalala ufukweni, tunachota, tunaoga, tunavua. Mtu wa Mwanza abebe maji kuyapeleka ziwani? Watu watatucheka mpaka Babati."

"Mhaya huyo," alisema Chenge. "Anataka kuoga mara mbili hata jangwani."

"Na nyinyi Wasukuma mnangoja Krismasi," alijibu Noela, lakini alikuwa anacheka, na habari ya madumu ikaishia hapo. Tena wote waliona ni kweli. Walikuwa wamezaliwa kando ya ziwa. Kwao ziwa ni mahali unapoinama ukanywa, ukatoa sato ukamkaanga. Hakuna aliyewahi kuliona la namna nyingine.

Ndalahwa alikuwa ameliona. Alisikia yote, na ile sentensi ikajipanga kichwani mwake, fupi kabisa: maji yale hayanyweki. Lakini akiisema, watauliza amejuaje. Na akieleza amejuaje, itabidi aseme jina. Akaiacha pale ilipo. Haikumuuma. Alijua watafika kule wamechoka, jua linawaka, vichupa vimekwisha, na Noela akiwa miongoni mwao, na bado haikumuuma. Akaja abiria wa kwenda sokoni, akampakia.

Zikapita siku. Walibadilisha oili, wakakaza minyororo, wakanunua ndoano na nyuzi. Kila siku Ndalahwa alikaa mwisho wa benchi akitazama ndoano zinavyofungwa kwenye gazeti vizuri zisichome mtu.

Jioni ya kuamkia safari, jua likiwa bado juu ya ziwa, walikuwa wanafunga mizigo. Noela akamwita.

"Shemeji, nifungie wewe. Mkono wako haulegei."

Alichukua mpira wa kufungia, akaanza kuvuta. Kulikuwa na kikaango, chupa ya mafuta, ndimu, chumvi ndani ya mfuko. Maji yalikuwa chupa moja, ya kunywea njiani.

"Dada alikuwa akinipigia simu kutoka huko ananiambia midomo imepasuka," alisema Noela. "Mimi nikidhani ni upepo. Kesho kutwa na yangu itapasuka, nitamjua vizuri."

Mikono ya Ndalahwa ilisimama. Halafu ikaanza kufungua. Ilitoa mpira, ikashusha kikaango, ikaweka mafuta chini, ndimu chini, kimoja kimoja kwenye vumbi.

"Unafanya nini?"

"Maji yale hayanyweki," alisema. "Ni magadi. Na samaki wa kukaanga hakuna. Maji mtabeba kutoka Mto wa Mbu, mengi."

Chenge alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha. Pius alisogea.

"Wewe ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu siku ile ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Ndalahwa! Ungetuacha tuondoke?"

Alifikiri. Alitaka kujibu vizuri, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

"Sijui," alisema.

Pius alivua kofia, akaivaa tena. Ni Noela aliyeuliza, polepole, "Umejuaje?"

"Niliyanywa." Aliongea kama anayesoma tangazo ukutani. "Nilikwenda kufanya kazi kambi ya watalii. Siku ya kwanza, nimetoka kwenye jua, naliona ziwa. Nikakimbia, nikapiga magoti, nikagugumia. Nikatapika mpaka nikalala chini. Kulikuwa na mpishi mmoja juu kule, amesimama na ndoo. Akaniuliza, 'Wewe umetoka ziwa gani?' Nikamwambia Mwanza. Akacheka. Akanipa maji ya kwenye ndoo."

Wote walikuwa wanangoja.

"Alikuwa Immaculata," alisema.

Jina lilitoka kama maneno mengine. Alingoja kitu kifuate, hakikufuata. Chenge ndiye aliyeanza, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Yaani ulimpata mke kwa kutapika?" Pius akaangua kicheko, Noela akacheka huku machozi yanamshuka na haoni haja ya kuyafuta. Ndalahwa alisimama katikati yao ameshika mpira wa kufungia.

"Kesho unakuja," alisema Pius, sasa bila kicheko. "Utakaa mbele. Sisi hatujui kitu."

Alikubali, maana kukataa kungehitaji maelezo zaidi.

Walikwenda kuazima madumu kwa muuza maji, wakayasuuza palepale bombani. Noela alishikilia, Ndalahwa akaelekeza mpira wa maji.

"Alichekaje?" aliuliza Noela. "Siku hiyo."

"Kwa sauti."

"Halafu?"

"Akakaa chini. Alicheka mpaka akakaa chini, na ndoo yake."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Ndiyo," alisema Ndalahwa, akahamishia mpira kwenye dumu lingine.