Nzi wa Bi Zuhura

Jamani, nacheka sasa, ila siku ile nilitamani nipotee. Nimepanga ghorofa ya pili hapa Kariakoo, na mwezi uliopita nilianza kutengeneza mboji kwenye ndoo ya rangi, roshani kwangu, nipate mbolea ya mchicha. Kila kilichobaki jikoni nilikitia humo, hadi matumbo ya samaki.

Nzi wakatuvamia. Nikapuliza dawa, nikatundika mifuko ya maji mlangoni, wapi! Ndoo yangu sikuifikiria hata kidogo. Nikaenda kwa mwenye nyumba, Mzee Hamadi, nikamshtaki Bi Zuhura anayekaanga samaki uani. Mzee akamwambia atafute pengine pa kufanyia biashara.

Bi Zuhura akaomba kwanza nionyeshe hao nzi. Nikawapandisha wote wawili mpaka kwangu, nikijiona wakili.

"Simameni hapa roshani, muone wanavyopanda kutoka kwenye karai lake."

Tukachungulia chini. Bi Zuhura akanigusa bega.

"Mwanangu, mbona hawa wanashuka?"

Nikageuka. Wamejaa kwenye gunia nililofunikia ndoo, weusi tii. Mzee Hamadi akalivuta. Funza walikuwa wanatambaa mpaka ukingoni, na harufu ikatupiga wote usoni.

"Hii ni nini?"

"Mboji, mzee," nikasema.

Bi Zuhura alicheka mpaka akashikilia ukuta. "Haya mzee, tuambie. Nani ahame, mimi au huyu?"