Birika la Kanisa na Vibuyu vya Cucu Gatakaa

Mama mkwe wangu hajui kusoma, lakini ukiazima kijiko cha kanisa leo, miaka kumi baadaye atakuuliza kilirudi na nani. Jina lake ni Gatakaa. Watoto wangu wanamwita Cucu, yaani nyanya, na mimi niliwafuata.

Kwa miaka ishirini na mbili yeye ndiye mtunzaji wa vyombo vya akina mama wa kanisa letu hapa Mikinduri, Meru. Kuna sufuria kumi na nne, vikombe ambavyo idadi yake anaijua peke yake, vibuyu saba vya ucuru, ule uji wetu mchachu usiokosekana harusini, na birika moja kubwa la umeme lenye bomba mbele. Funguo za stoo anazivaa shingoni. Mzee wake alipofariki, Cucu alilala kitandani wiki tatu, hataki chakula wala wageni. Kilichomwamsha ni watu wa harusi waliokuja kutafuta sufuria. Alijifunga leso, akashika funguo, akatoka. Kwa hiyo mtu akigusa funguo hizo, amegusa mengi.

Mimi ni Nelius, mwalimu, mzaliwa wa Manyatta kule Embu, ambako maji yanatoka mlimani na sabuni inatoa povu kabla hujasugua. Huku nilikoolewa tunatumia kisima kirefu kilichochimbwa na mashine miaka mitano iliyopita. Tulimshukuru Mungu kwa kisima hicho, na hadi leo namshukuru, maana kabla yake tulipanda na kushuka na mitungi mgongoni. Lakini maji yake ni magumu. Sabuni inagoma, na nguo nyeupe zinageuka rangi ya majivu. Nimeyazoea. Ambalo sijalizoea ni hasira zangu za karibu, na hizo ndizo zilizonitia katika jambo hili.

Mwezi wa nane tulitembelewa na akina mama kutoka Runyenjes, watu wa upande wa kwetu. Nilikuwa nimewasifia ukarimu wa Wameru mpaka mate yakanikauka. Birika likawashwa saa tatu asubuhi. Saa tano maji yalikuwa bado ya kuogeshea mtoto. Umeme wa tokeni ukaisha, tukaongeza, birika likanguruma tu kama tumbo la mwenye njaa. Wageni wangu wakapanda gari wakiwa na mkate mkavu mkononi. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Jumatatu kamati ikakutana. Susan, mwenyekiti wetu, akaanza kwa upole: "Cucu amefanya kazi mingi. Labda sasa apate kupumzika kidogo."

Mimi ndiye katibu. Kabla mtu hajajibu nikasema, "Tusizunguke. Ni uzee. Vyombo vya kisasa vinataka mtu wa kisasa." Na mkono wangu ukaandika kwa nguvu: funguo zichukuliwe kwa sababu ya umri wa mtunzaji, azimio lisomwe mbele ya wote siku ya mavuno. Cucu alikuwa ameketi pembeni, amepakata vikombe viwili vilivyorudi. Alitazama kalamu yangu mpaka ikasimama.

Nilidhani ataninunia. Kumbe kesho yake jioni alifika jikoni kwangu na Kiunga, fundi wa umeme, na lile birika wamelibeba pamoja.

"Mama Kawira, wewe ni mwalimu," akaniambia. Kawira ni kifunguamimba wangu. "Kuja tuangalie hii kitu iko na shida gani."

Kiunga akafungua kifuniko, akaguna. Ndani kulikuwa na ganda jeupe, nene kuliko ukucha wa dole gumba, limefunika hadi ule waya wa kuchemshia ambao mafundi wanauita koili.

"Hii ni mawe ya maji," Kiunga akasema. "Umeme unachemsha mawe kwanza, maji baadaye. Cucu, hujawahi kuitoa?"

Cucu akashangaa kweli. "Niitoe kwa nini? Hiyo si ndio utamu wa chombo?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kibuyu cha ucuru hakiguswi na sabuni. Unakisuuza, unakipitishia ndani kijiti kilichoungua, na ule utando unaobaki unauacha, kwa sababu ndio unaochachusha uji unaofuata. "Chombo kikioshwa sana kinasahau kazi yake," Cucu huwaambia maharusi. Basi alipoona birika linaweka utando wake mweupe alifurahi. Aliona linakomaa. Miaka mitano alilisugua nje likang'aa ukaweza kujitazama, na ndani hakuligusa hata kwa kidole.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikanyakua brashi ya waya, Kiunga akanishika mkono. "Mwalimu, pole pole! Ukikwaruza na waya utatoboa koili, na hapo utanunua ingine. Inataka kitu kali, kama siki ama ndimu. Iloweke."

Kwa birika la lita thelathini tungemaliza ndimu zote za soko. Cucu hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinamia kibuyu changu kilichokuwa pembeni mwa meko, anachungulia ndani kwa jicho moja.

"Mama Kawira. Hii kibuyu inakunywa maji ya kisima gani?"

"Hicho hicho, Cucu."

"Miaka ngapi?"

"Mitano."

"Sasa mbona haina mawe?"

Akabandua kigamba kilichokuwa kimeachia ukingoni mwa birika, akamimina yale maji machachu yanayokaa juu ya ucuru kwenye kikombe, akakitumbukiza. Tukainama wote watatu. Vipovu vidogo vikaanza kupanda. Tulipomaliza chai, kigamba kilikuwa kimebaki nusu.

Mimi nafundisha sayansi. Asidi nimeichora ubaoni zaidi ya mara kumi, na watoto wamenakili. Kichwani mwangu haikuwahi kutoka ubaoni ikaingia jikoni. Niliona haya, na papo hapo nikamshukuru Mungu kwa kunipa nyumba hii.

Siku tatu tulilisha birika maji ya ucuru, tunamwaga, tunaongeza mengine, tunasugua kwa kitambaa. Jirani walituletea ya kwao kwa vibuyu. Ijumaa koili ilitokea, nyekundu kidogo kama shaba. Tukasuuza, tukachemsha maji matupu mara mbili tukayamwaga, hadi harufu ya uji ikaisha.

Siku ya mavuno Susan mwenyewe aliwasha birika, akashika simu kupima. Dakika arobaini, likachemka. Wamama wakapiga vigelegele. Lakini Susan ni mtu wa utaratibu. "Katibu, tusomee azimio."

Nikasimama na kitabu. Mistari ile ilinikodolea macho. Kabla sijafungua mdomo, Cucu alikuwa mbele.

"Chair, wacha nianze. Makosa ni yangu. Hii birika nililea kama kibuyu. Sikujua, sasa najua. Kama bado mnataka funguo, ni hizi." Akazivua shingoni, akaziweka mezani. Shingo yake ilionekana tupu sana.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Susan akazichukua, akamvisha tena. "Rudisha hapo, Cucu. Nani mwingine angepatia birika uji?" Kanisa zima likacheka.

Mimi sikucheka. Nikasema, "Humu imeandikwa kwamba ni umri. Aliyesema ni mimi, na aliyeandika ni mimi. Naomba nifute."

"Futa," Cucu akasema, "halafu andika birika itakuwa inaoshwa na maji ya ucuru kila mwezi."

Nikafuta, nikaandika.

Tukirudi nyumbani nilimwomba msamaha. Akaendelea kutembea.

"Nilijua uliandika nini," akasema. "Kusoma sijui, lakini mkono uko na hasira naujua."

"Na bado ukaja kwangu? Kwa nini hukunigombeza, Cucu?"

"Si Kiunga alisema waya inatoboa?"

Machozi yalinijaa. Akanipa kibuyu nimbebee, maana tulikuwa tumefika penye mlima.